Kimbunga Idai na ule msimu wa 2018/19: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa tahadhari ya upepo mkali watu wanaanza kuulizana tena kuhusu Idai, na majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yamevurugika, mara Idai inachanganywa na vimbunga vingine, Kenneth au Freddy, mara mtu anatuma video ya nchi nyingine kabisa anasema hii ni Beira, ule mji wa Msumbiji uliopigwa na Idai. Nimekusanya maswali yanayorudi rudi nikayajibu hapa. Kama huna muda wa kusoma yote basi soma lile la upepo na maji, ndo nalotaka watu walishike.

Idai ilikuwa nini na ilipiga wapi?

Ni kimbunga kilichotoka mlango wa bahari wa Msumbiji, ile bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagascar, kikaingia nchi kavu karibu na mji wa Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019. Kilipofikia kilele chake upepo ulikuwa kilomita 195 kwa saa. Kikapita mkoa wa Sofala na Manica, kikagonga milima ya mashariki mwa Zimbabwe, na mvua yake ikaendelea siku kadhaa baada ya upepo kuisha. Malawi nayo iliumia, ila kwa namna tofauti kidogo, nitaeleza chini.

Ukijumlisha nchi zote tatu waliokufa ni zaidi ya 1,000 na walioguswa na janga ni karibu milioni 3. Msumbiji peke yake walithibitisha vifo zaidi ya 600, Zimbabwe zaidi ya 300, Malawi 60. Halafu kuna waliopotea, hasa Zimbabwe, mamia ya watu ambao miili yao haikupatikana mpaka leo, ndo maana ukisoma sehemu tofauti unakuta idadi tofauti. Sio kwamba kuna mtu anadanganya, ni swali la nani kahesabiwa na nani hajahesabiwa.

Kwanini msimu ule unasemwa haukuwa wa kawaida?

Kwa sababu vilikuja vingi na vilikuja vikali. Ukanda wetu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi una msimu wake, rasmi unaanza katikati ya Novemba unaisha mwisho wa Aprili, na vimbunga vinapewa majina kwa kufuata herufi. Mwaka ule wakaanza na Alcide, Bouchra, Cilida, Desmond, Eketsang, Funani, Gelena, Haleh, ndo ikaja Idai, ikafuata Joaninha, Kenneth, Lorna. Na hapo sijataja vilivyoingia ukanda wetu kutoka upande wa mashariki vikiwa tayari na majina ya huko, kama Kenanga na Savannah.

Kenneth ilipofika mwezi wa 4 ilikuwa dhoruba ya 14 ya msimu, na ilikuwa ya 9 kufikia daraja la kimbunga kikali, yaani upepo unaoanzia kilomita 166 kwa saa kwenda juu. Tisa ni nyingi sana. Rekodi ya nyuma ilikuwa 6, ya msimu wa 2006/07. Vingi kati ya hivyo viliishia baharini huko mbali wala watu wa kawaida hawakuvisikia, ila Msumbiji ikapigwa na viwili vikubwa ndani ya msimu mmoja, tena ndani ya wiki 6, jambo ambalo halikuwa limewahi kurekodiwa nchini kwao.

Vinatokana na nini, na kwanini mwaka ule vilikuwa vikali hivyo?

Kimbunga kinakula joto la bahari. Maji ya juu yakiwa na joto la nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na huko angani upepo wa tabaka za juu usipokuwa na nguvu ya kukivuruga, kinakua. Machi 2019 maji ya mlango wa Msumbiji yalikuwa karibu nyuzi 30 na upepo wa juu ulikuwa umetulia, kwahiyo Idai ilikuta chakula kipo na hakuna wa kuisumbua.

Kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mimi nakwepa kusema kimbunga fulani kimeletwa na tabianchi kwa sababu sio hivo inavyofanya kazi. Vimbunga vilikuwepo toka enzi. Kinachobadilika ni hali vinavyoikuta, hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi inabeba unyevu zaidi kwa kama asilimia 7, na usawa wa bahari ukipanda lile wimbi linalosukumwa na upepo linaingia ndani zaidi. Kwa mji kama Beira ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa maji kujaa, hizo sentimita ni mlango wa nyumba ya mtu.

Ni kweli Idai ilipiga mara mbili?

Ndio, na hii watu wengi hawaijui. Ilianza kama mgandamizo mdogo wa hewa, ikaingia nchi kavu Msumbiji tarehe 4 Machi ikiwa bado haina hata jina, ikazunguka mpaka maeneo ya Malawi ikimwaga mvua. Mafuriko ya Malawi ndo yalitokea hapo, rais wa wakati ule Peter Mutharika akatangaza hali ya maafa tarehe 8, yaani wiki nzima kabla Beira haijapigwa. Wengi wakadhani imeisha. Ikarudi baharini, ikapewa jina tarehe 9, ikanenepa haraka sana ikielekea upande wa Madagascar, halafu ikageuza ikarudi ilikotoka.

Fikiria sasa, ardhi imeshashiba maji, mito imeshajaa, ndo kinakuja kimbunga chenyewe.

Kilichoua watu wengi ni upepo au maji?

Maji. Upepo ulivunja, uling'oa mabati yakawa yanaruka kama visu na watu wengi wakakatwa nayo, uliangusha nguzo za umeme na minara ya simu, hilo ni kweli na Beira ilipigwa vibaya sana. Lakini wengi waliokufa walikufa kwa maji, na wengi wao siku ambazo upepo ulikuwa umeshapita.

Angalia ramani utaelewa. Mito miwili inayoingia baharini pale Beira ni Pungwe na Buzi, na yote miwili maji yake yanatoka milima ya Zimbabwe. Idai ilipofika kule juu Chimanimani ikakwama kwenye milima ikamwaga mvua usiku wa tarehe 15. Pale Ngangu, mtaa uliojengwa chini ya mlima, mawe makubwa kama magari yaliporomoka usiku watu wakiwa wamelala, yakapita juu ya nyumba, asubuhi sehemu iliyokuwa mtaa ikawa uwanja wa mawe tu. Kopa, pale inapokutana mito ya Rusitu na Nyahode, makazi yalisombwa pamoja na kituo cha polisi. Sasa Rusitu ikivuka mpaka inaingia Msumbiji, inaitwa Lucite, inakwenda kuungana na Buzi. Miili ya watu wa Zimbabwe ikaonekana upande wa Msumbiji, wakazikwa huko huko na wanavijiji ambao hata hawakuwajua.

Maji yale yale yakaendelea kushuka tambarare. Watu wa Buzi waliokuwa wamenusurika upepo, wakaanza kutoka kuangalia mabati yao yako wapi, wakaona mto unapanda. Na haukupanda kidogo. Siku chache baadae picha za setilaiti zilionyesha eneo la maji la kilomita za mraba kama 3,000, mashamba na vijiji vimezama vyote, marubani waliopita juu walisema ni kama bahari imehamia bara. Watu walikaa juu ya miti na mapaa siku mbili, tatu, wengine zaidi, na watoto migongoni, wakisubiri boti au helikopta. Wapo waliochoka wakaachia.

Rais wa Msumbiji wa wakati ule, Filipe Nyusi, aliruka juu ya eneo lile akatangaza tarehe 18 kwamba waliokufa wanaweza kuzidi 1,000, wakati huo idadi rasmi ilikuwa haijafika hata 100. Alikuwa ameona miili inaelea.

Kwahiyo mtu akikuambia kimbunga kimepita tumshukuru Mungu, muulize mto umelala wapi.

Mbona Kenneth ilikuwa na upepo mkali zaidi lakini haikuua wengi?

Swali zuri. Kenneth ilifika kilomita 215 kwa saa, ikapita karibu kabisa na Ngazija huko Komoro tarehe 24 Aprili, kesho yake ikaingia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kati ya Macomia na Mocímboa da Praia. Mpaka wakati ule hakukuwa na kimbunga kilichorekodiwa kuingia Msumbiji kikiwa na nguvu ile. Kisiwa cha Ibo karibu nyumba zote ziliharibika. Waliokufa Msumbiji walikuwa kama 45.

Sababu moja ni kwamba haikupiga mji mkubwa kama Beira. Nyingine, na mimi naipa uzito, ni kwamba watu walikuwa wametoka kuona Idai, wakiambiwa hameni wanahama, watu kama 30,000 walihamishwa kabla. Na hakukuwa na milima ya kukusanya mvua na kuishusha kwenye mto mmoja kama ilivyokuwa kule kwa Buzi, japo mji wa Pemba wa huko Msumbiji (sio kisiwa chetu) na jirani zake nao walipata mafuriko siku zilizofuata na nyumba za udongo zikaanguka nyingi.

Watu wa Beira hawakuonywa?

Walionywa. Kituo cha kisiwa cha Réunion kinachofuatilia vimbunga vya ukanda wetu kilikuwa kinatoa taarifa siku zote zile, na serikali ya Msumbiji ikatangaza tahadhari nyekundu tarehe 12, siku mbili kabla. Redio zilitangaza, magari yenye spika yalipita mitaani.

Shida ni tahadhari ilisemaje na mtu angefanya nini nayo. Ukimwambia mama anayeishi kibanda cha bati kwamba upepo wa kilomita 190 unakuja, hiyo namba inamsaidia nini kama hajaambiwa aende jengo gani, atabebwa na nini, na vitu vyake nani atavilinda? Wengi walibaki wakiogopa wizi, wengine hawakuwa na pa kwenda. Na kuhusu mito ndo kabisa, watu wa bondeni hawakuambiwa kwa uzito unaostahili kwamba mvua ya Zimbabwe itawafikia baada ya siku mbili. Baada ya umeme na mitandao ya simu kukatika hakukuwa tena na njia ya kuwaambia. Beira yenyewe ilipotea hewani, watu wenye ndugu kule walipiga simu siku nzima haziiti, na barabara kuu ya N6 inayotoka Beira kwenda Zimbabwe ilikatwa na maji. Dunia ilichelewa kujua ukubwa wa jambo kwa sababu hiyo tu, hakukuwa na mtu wa kuongea.

Ni kweli asilimia 90 ya Beira iliharibiwa?

Hiyo namba ilitolewa na timu ya Shirikisho la Msalaba Mwekundu iliyofika mapema, wakiongelea Beira na maeneo ya jirani. Isomwe kama kuharibika, sio kufutika. Mji wenye watu zaidi ya nusu milioni, karibu kila paa liliguswa, hospitali kuu ilipoteza mabati mpaka kwenye vyumba vya upasuaji, shule, makanisa, maghala ya bandari vyote hivyo hivyo. Kwa Msumbiji nzima nyumba zaidi ya laki 1 zilibomoka kabisa.

Niseme na hili maana huwa halisemwi, Beira sio mji uliokuwa umelala. Meya wao Daviz Simango, marehemu sasa, alianza miaka mingi kabla kusukuma kazi ya mifereji na kuufufua mto Chiveve unaopita katikati ya mji, na mifereji ile ilisaidia kuondoa maji mjini. Ingekuwa haipo ingekuwa mbaya zaidi.

Kipindupindu kilitokea?

Kilitokea. Wagonjwa wa kwanza walithibitishwa tarehe 27 Machi, na baada ya hapo ikapanda kwa kasi mpaka wakafika zaidi ya 6,000. Waliokufa ni 8. Soma tena hiyo namba, wanane, kwenye mji usio na maji safi na watu wamerundikana kwenye makambi. Chanjo ya matone ilianza kutolewa tarehe 3 Aprili, dozi karibu laki 9, na vituo vya matibabu vilikuwa vimefunguliwa haraka. Huwa tunaongelea majanga kama mambo ambayo hakuna la kufanya, hapa lilifanyika na likafanya kazi. Malaria ndo ilisumbua zaidi, maji yalivyotuama.

Na chakula?

Machi kule mahindi yanakaribia kuvunwa. Mashamba yaliyoharibiwa yalizidi hekta laki 7. Mkulima wa Nhamatanda au Buzi alipoteza mavuno, mbegu, mbuzi na nyumba kwa wiki moja, kwahiyo njaa yake haikuisha maji yalivyokauka, iliendelea mpaka msimu uliofuata. Ndo maana misaada ya chakula ilihitajika muda mrefu.

Nani walisaidia, na pesa zilifika?

Tanzania ilituma chakula na dawa kwa nchi zote tatu siku zile zile za mwanzo. Meli za jeshi la majini la India zilikuwa karibu zikafika mapema, Afrika Kusini wakaleta helikopta na waokoaji, Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu wakaja kwa wingi baadae. Lakini walioanza kuokoa watu ni wenyeji wenyewe na mitumbwi yao ya kuvulia.

Pesa ni habari ya kusikitisha. Makadirio ya kujenga upya Msumbiji baada ya Idai na Kenneth yalikuwa dola bilioni 3.2. Mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira kwenyewe mwisho wa Mei 2019 ukapata ahadi za bilioni 1.2. Na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wakatoa dola milioni 118, ila ni mkopo, hauna riba lakini unalipwa. Nchi ambayo tayari ilikuwa imezama kwenye madeni inapigwa na kimbunga halafu inapewa deni jingine, mimi naona hiyo sio sawa na nitaendelea kusema hivyo.

Kuna jambo jingine linaumiza, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch waliripoti Aprili ile kwamba kuna viongozi wa mitaa waliodai pesa, na kwa wanawake wasio na pesa wakadai ngono, ndo wawaandike kwenye orodha ya chakula. Umoja wa Mataifa walisema watachunguza. Ukichangia janga lolote uliza orodha anaishika nani.

Idai ilifika Tanzania? Kimbunga kinaweza kutupiga?

Idai haikufika. Kenneth ndo ilitutisha, TMA walitoa tahadhari kwa Mtwara, Lindi na Ruvuma, tarehe 25 Aprili Mtwara shule na ofisi zilifungwa, wavuvi wakaambiwa wavute vyombo juu. Mama yangu mdogo wa Mikindani alifunga bati lake kwa kamba za ngalawa, akaweka mawe juu, akabeba wajukuu na cheti cha kiwanja akaenda kwa jirani mwenye nyumba ya tofali. Ikapita kusini, wakapata mvua na upepo wa kawaida. Kuna watu walilalamika eti walitishwa bure, wakati ng'ambo ya Ruvuma ndugu zetu wale wale wa Kimakonde na Kimwani walikuwa wanatafuta watoto kwenye vifusi.

Na ndio, kinaweza. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa na tangu hapo ndo ikawa mama wa karafuu. Aprili 1952 kikapiga Lindi. Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia. Ukiangalia hizo tarehe utaona kitu, sisi tunatishwa mwishoni mwa msimu, Aprili na Mei, wakati masika ipo na mito imeshajaa. Kwahiyo hata kimbunga kilichochoka kikija kinakuta mto Rufiji umejaa.

Kenya wako salama zaidi kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuzungusha upepo uwe kimbunga. Ila mvua zake zinaweza kuwafikia.

Nikisikia tahadhari nifanye nini?

Sikiliza TMA, sio voisi ya grupu. Jua mapema jengo imara la karibu ni lipi, shule, msikiti, kanisa, na nenda mchana, usisubiri upepo uanze ndo ubebe watoto. Vyeti na simu kwenye mfuko wa plastiki, chaji kila kitu, chota maji ya kunywa ya siku kadhaa. Upepo ukikatika ghafla kukawa shwari usitoke, hilo ni jicho la kimbunga, yaani katikati yake, upande wa pili unakuja na upepo unageuka.

Halafu kaa mbali na mto siku 4 au 5 baada ya kupita, hata kama kwenu jua linawaka. Kama una ndugu huko juu mto unakotoka mpigie umuulize kumenyesha kiasi gani.

Freddy ya 2023 haikuwa mbaya zaidi?

Kwa Malawi ilikuwa mbaya zaidi sana, zaidi ya 1,000 walikufa au kupotea, na tena ilikuwa maporomoko na mafuriko kule Blantyre na jirani zake. Freddy nayo ilipiga Msumbiji mara mbili, Februari na Machi, ikaishi zaidi ya wiki 5 tangu izaliwe karibu na Australia. Kwa Beira na Chimanimani hakuna iliyofikia Idai mpaka sasa.

Beira wamepona?

Kwa kiasi. Masoko yamerudi, bandari inafanya kazi. Ila Januari 2021 kikaja Eloise kikapiga pale pale Beira, mapaa yaliyokuwa yamerudishwa yakang'oka na makambi ya waliohamishwa na Idai yakajaa maji. Familia nyingi za Buzi zilihamishiwa sehemu za juu kama Guara Guara, ni salama kwa maji lakini ni mbali na mashamba yao ya bondeni, kwahiyo wengine wanashuka kulima mchana na kupanda kulala, na wengine wamerudi bondeni moja kwa moja.

Jina Idai litatumika tena?

Hapana. Ukanda wetu jina likishatumika linaondolewa kwenye orodha, linawekwa jingine.